Kando ya Nyayo

Katekista wetu hakukanyaga unyayo wa mtu. Sizungumzi kwa mafumbo, nazungumzia miguu. Akiwa njiani kwenda kanisani, kisimani au kwa mkwewe, akikuta vumbini alama za mtu aliyetangulia, alisogea na kupita kando, hata kama kando kulikuwa na matope au upupu. Tulipokuwa wadogo tulimcheka. Tulijipanga nyuma yake, tukatembea pembeni mwa njia kwa madaha kama yeye, na aliyejisahau akakanyaga katikati tulimzomea kwamba ameharibu ushahidi. Yeye aligeuka akatutazama, hakucheka, hakukemea, akaendelea na safari yake. Nafikiri alifurahi kwamba tumejifunza kitu.

Tumemzika mwaka huu, mvua zilipokatika. Pale makaburini kila mtu alimwita Katekista, hata mkewe, ambaye sikumbuki kumsikia akimwita jina jingine. Mimi siku hizi nakaa Nkende, nashona nguo, lakini nimezaliwa Matongo, nyumba ya tatu kutoka kwake, na mtu huyu nimemtazama tangu nilipopata akili ya kutazama watu. Nimekutana na mapadre, mahakimu, na wateja wengi wanaojiona wakubwa. Hakuna aliyewahi kunifanya ninyamaze bila kuambiwa ninyamaze, isipokuwa yeye.

Padre alikuja kigangoni kwetu mara moja moja. Jumapili zilizobaki tuliongozwa na Katekista, pamoja na sauti yake. Ile sauti, Mungu anisamehe, ilikuwa mbaya. Alianzisha wimbo juu mno, kwaya ikahangaika kumfikia, akina mama wakakohoa, na ubeti wa pili ukaimbwa na yeye peke yake, macho yamefumbwa, mishipa ya shingo imemtoka. Mwalimu wa kwaya alimwomba kwa heshima zote awaachie wao kazi ya kuanzisha. Akakubali, akashukuru, na Jumapili iliyofuata akaanzisha juu zaidi.

Kazi yake nyingine hakupewa na Kanisa. Alifuata nyayo za ng'ombe walioibwa. Kwetu ng'ombe wakiibwa yowe linapigwa, wanaume wanakusanyika kwenye zizi lililovunjwa, na nyayo zinafuatwa. Zikiingia katika kijiji, watu wa kijiji hicho wanapaswa kuonyesha zilikotokea. Wakionyesha, mzigo unahamia kwa wanaofuata. Wakishindwa, basi ng'ombe wamo kwao, na kijiji kizima kinawajibika. Kwa hiyo anayesoma nyayo lazima aaminiwe na pande zote, kwa sababu akidanganya mara moja tu watu watakatana mapanga. Katekista aliaminiwa Matongo na Kerende, na hata ng'ambo ya mto, upande wa Serengeti, ambako watu walikuwa na sababu zao za kutotuamini sisi.

Alikuwa na masharti. Hakuna kumtangulia. Hakuna kukanyaga alama. Na la tatu, ambalo liliwatesa watu kuliko yote, hakuna kutaja jina la mtu kabla nyayo hazijaisha. Kuna siku kaka wa mwenyekiti wa kijiji alishindwa kujizuia. Akasema kwa sauti, "Hii kazi nani asiyeijua? Si yule yule wa mwaka jana!" Katekista akasimama. Akatafuta jiwe, akakaa, akaanza kukwangua matope kwenye viatu vyake. Umati mzima wa wanaume wenye mapanga na marungu ukabaki juani kumsubiri. Mwenyekiti akauliza kulikoni. Katekista akajibu, "Huyu ameshafika, mura. Sisi bado tuko njiani. Mpelekeni nyumbani akapumzike." Wakampeleka kweli, anatukana njia nzima, ndipo mzee akanyanyuka.

Wingu likifunga, alikuwa na karai la bati ambalo vijana walimbebea. Alichagua unyayo mmoja uliotoka vizuri, akaufunika nalo ili mvua isiufute, kisha wote wakajibanza mahali mpaka mvua ipite. Na nyayo zilipofika mwisho wake, alivua kofia akasema, "Zimeishia hapa." Basi. Hakusema mwizi ni fulani, hakusema mkamateni.

Nayajua haya kwa sababu siku moja nyayo ziliingia kwetu. Nilikuwa nimerudi kutoka shule, namenya mihogo na mama, tukasikia vishindo, na boma likajaa watu. Baba yangu hakuwa mwizi. Alikuwa mtu wa kuogopa hata kuchelewa kwenye mkutano. Lakini nyayo za ng'ombe wa watu zilikuwa zimeingia langoni mwake waziwazi, na hakuna aliyekuwa anaona zilikotokea. Katekista alizunguka kwa kuinama, polepole mno. Baba alisimama katikati ya uwanja amekunja mikono, jasho linamtiririka, na uso wake ukawa wa mtu nisiyemfahamu. Nikamwona anafikiri. Naapa nilimwona anajiuliza kama kweli hakuiba.

Hatimaye sauti ikatoka nyuma ya ghala la mtama: "Zimetoka." Ng'ombe walikuwa wamepitishwa kwenye pengo la uzio ambalo mama alikuwa amemwambia baba alizibe tangu mavuno. Baba akakaa chini, pale pale vumbini. Katekista alipopita mbele yake kuondoka, akamwambia kwa upole, akimwita baba kwa lugha yetu, "Ziba uzio wako, tata." Baba aliuziba siku hiyo hiyo, na mpaka anakufa hakuna kuku aliyepita pale.

Sasa elewa tulivyokuwa tukisikiliza mafundisho ya kipaimara chini ya mtu kama huyo. Tulifundishwa mambo ya mwisho: kifo, hukumu, mbingu na moto. Watoto wa vigango vingine waliambiwa juu ya kiti cha enzi na malaika wenye tarumbeta. Sisi tulitolewa nje, kwenye njia yenye vumbi laini, tukaambiwa tutembee mpaka kwenye mti wa msonobari na kusimama. Kisha akatuambia tugeuke.

"Hizo ndizo," alisema. "Siku ile Mungu hatakuuliza maswali. Mnadhani atakuuliza? Atakushika mkono, akutembeze kwenye nyayo zako, kutoka ulipoishia hadi ulipoanzia. Hatakusingizia hata moja. Hatakuficha hata moja. Ulipokwenda kumtazama mgonjwa, zipo. Ulipokwenda dirishani kwa watu kusikiliza maneno, zipo. Na hatasema yeye ni za nani. Atakaa kimya akungoje wewe. Wewe mwenyewe utasema, ni zangu."

Msichana mmoja akauliza, "Na nikikataa kusema?"

Katekista akamgeukia. "Basi mtasimama pale," akasema. "Yeye hana haraka."

Nilirudi nyumbani nikipita kando ya njia, nikiangalia nyuma kila mara. Kwa majuma kadhaa nilimtii mama bila kuambiwa mara mbili, na yeye akadhani naumwa.

Usidhani alikuwa mtakatifu wa kwenye picha. Alipenda kichuri, nyama ile yenye uchungu wa nyongo, kupita kiasi. Nyama ikichomwa popote, Katekista alitokea, na hakuona aibu kulamba vidole mbele ya waumini wake. Alizichukia bodaboda kwa chuki isiyo ya Kikristo, kwa vile magurudumu yalifuta alama zote barabarani. Dereva akisimama kumpa lifti alimjibu, "Pita mwanangu, pita na uharibifu wako." Na ujanani, kabla ya ubatizo, alikuwa mwizi wa ng'ombe. Hilo halikuwa siri. Mtu akimtania kwamba anajua sana njia za wezi, alijibu bila kuudhika, "Nazijua. Nilizichimba mimi." Wazee wenzake walicheka wakapigana mabega. Yeye hakucheka, na mimi nilipokuwa mkubwa ndipo nikaona kwamba hakucheka.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba mtu aliyefundisha hukumu hivyo hakuweza kuhukumu. Walimwomba aingie baraza la kata, akakataa. Walimletea ugomvi wa mipaka, wa wanandoa, wa urithi, akawapa uji, akawasikiliza, akawarudisha kwa wenyewe. "Mimi nasoma miguu," alisema. "Miguu inaniambia mtu alikwenda wapi. Haijawahi kuniambia alikuwa analia." Nilidhani ni unyenyekevu. Sasa nadhani ilikuwa hofu, hofu kubwa na safi, ya mtu anayejua kazi ile ina mwenyewe.

Sasa nifike kwa Marwa.

Marwa alikuwa kijana wake wa pekee, rika la kaka yangu. Utotoni aliangushwa na ndama, mguu ukaungwa vibaya, na tangu hapo wayo wa kushoto ulitazama nje kidogo. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kusaidia, na mwepesi pia wa kukaa na vijana wasio na kazi kule senta. Baba yake alimpenda bila kusema. Alimchongea viatu vya tairi, vile vya katambuga, na kila soli ilipolika alimtengenezea nyingine.

Mjane mmoja wa Kerende aliamka asubuhi akakuta jozi yake ya maksai haipo. Ilikuwa mwanzo wa msimu wa kulima, na mama yule hakuwa na kitu kingine cha kumlisha yeye na wajukuu. Yowe likapigwa, Katekista akaitwa. Kaka yangu alikuwapo, naye alinisimulia kila kitu. Mzee aliinama kwenye zizi la mjane kwa muda mrefu kuliko kawaida. Maksai mmoja alikuwa na kwato iliyopasuka mguu wa mbele, kwa hiyo kazi ilikuwa rahisi, hata mtoto angeweza. Bado akabaki ameinama. Alipoinuka aliomba maji, akanywa, akasema, "Twendeni."

Walitoka Kerende, wakavuka kijito, wakapanda kilima, wakaingia Matongo. Kaka alisema Katekista hakusimama hata mara moja kutafuta, na hakuongea. Nyayo zikaiacha njia kuu. Zikapita nyuma ya kanisa. Watu wakaanza kutazamana, hakuna aliyethubutu kutoa sauti, maana sharti walilijua. Zikaenda moja kwa moja hadi kwenye lango la Katekista.

Hapo ndipo nilipokuwa mimi. Nilikuwa nimekwenda kwa Mama Marwa kuazima ungo, nikauona umati unakuja ukiwa kimya, na mbele yake mwenye nyumba. Mama Marwa aliwaona pia. Alielewa kabla yangu. Zizini ng'ombe wao walikuwa bado hawajafunguliwa, na kila mwanamke wa kwetu anajua kwamba ukiifungua miti ya lango na kuwaswaga nje, kundi lako linakanyaga kila kitu, na hakuna atakayesoma lolote uwanjani mwako milele. Hata si kosa. Muda wa malisho ulikuwa umepita, nani angemlaumu? Mama yule alikimbia, akaushika mti wa juu, akauvuta nusu.

"Mama Marwa," Katekista akasema. "Acha lango."

Hakupaza sauti. Walitazamana. Mimi nilikuwa nimesimama na ungo mkononi, na niliona machoni mwa mama yule ombi ambalo sitaki kuliona tena kwa mtu. Kisha akaurudisha mti mahali pake, akaketi kwenye ngazi ya jikoni, akajifunika uso kwa kanga.

Maksai wa mjane walikuwa ndani ya zizi, katikati ya ng'ombe wa Katekista. Marwa alikuwa amekosea kosa ambalo mtoto wa mfuata nyayo peke yake angeweza kulifanya. Aliamini kwamba hakuna mahali salama duniani pa kuficha ng'ombe kama hapo, kwa sababu nyayo zote za Matongo huishia kwa watu wengine.

Katekista alivua kofia. "Zimeishia hapa," akasema. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu. Akaonyesha alama za katambuga zilizoandamana na ng'ombe, akauliza, "Na hizi ni za nani?"

Marwa alikuwa upande wa pili wa zizi. Alimtazama baba yake. Midomo ilifunguka, nami nilikuwa namwombea aseme, aseme tu. Akageuka, akaruka uzio, akakimbia kuelekea mtoni. Vijana wakamfuata kwa makelele. Katekista alibaki amesimama, kofia mkononi. Hakuwaita warudi. Hawakumpata, na kwa upande wangu nilimshukuru Mungu. Tulisikia baadaye kwamba alivukia Sirari, na kwamba anabeba mizigo upande wa Kenya.

Katekista alimrudishia mjane maksai wake, akatoa ng'ombe wake mwenyewe kama faini, wale wazuri wa kulimia. Kwa kijiji shauri likaisha. Asubuhi iliyofuata mjane akaonekana anashuka kilima na plau lake na maksai wale wale. Hakubisha hodi. Aliingia shambani kwa Katekista akaanza kulima. Katekista akatoka, akasimama ukingoni mwa shamba, akataka kusema kitu, mama yule akamwambia bila kusimama, "Tata, mvua haisubiri. Leta mbegu." Akaenda kuleta mbegu. Nilimwona anazimwaga kwenye mifereji huku machozi yanamdondoka kidevuni, naye hafuti.

Miaka ikapita. Mimi nikawa msaidizi wake kwenye mafundisho, kabla sijaolewa Nkende. Nikagundua kwamba analiruka somo. Alifundisha kifo, kisha akaenda moja kwa moja mbinguni. Watoto hawakujua, lakini mimi nilijua kilichopaswa kuwa katikati. Siku moja nikamuuliza. Tulikuwa tunafagia kanisa. Akaegemea ufagio.

"Bhoke," akasema, "nikuambie kitu. Pale kwa yule mama wa Kerende, unyayo wa kwanza niliouona ni wa Marwa. Wayo wa kushoto. Soli nilikata mimi."

Alijua tangu mwanzo. Alivuka kijito akijua, akapanda kilima akijua, akaongoza watu wote wale hadi kwake, hatua kwa hatua, na angeweza kupotea mahali popote na wangemwamini. Mpaka leo nikilikumbuka nanyamaza.

"Hilo silijutii," akaendelea. "Maksai walikuwa wa mjane. Lakini nilimuuliza mwanangu swali mbele ya mapanga, na yeye hakuweza kujibu. Wakamkimbiza, nikanyamaza. Sasa yuko huko, hajasema ni zangu. Akifa hivyo, Bhoke? Atasimama pale mbele ya Mungu, na Mungu hana haraka. Nililifundisha mimi mwenyewe hilo." Akaanza tena kufagia. "Siwezi kulifundisha tena."

Hicho ndicho alichokibeba. Hakuogopa kufa, nimemwona akiwaaga wagonjwa kwa utani. Aliogopa kwamba mwanawe ataingia katika hukumu akiwa amefunga mdomo, na kwamba aliyemfunga ni baba yake. Aliagiza salamu Sirari kwa wafanyabiashara, kwa mapadre, kwa mtu yeyote anayevuka. Arudi, shauri limekwisha. Hakuna jibu lililokuja.

Nilikutana naye kwa mara ya mwisho mwanzoni mwa mvua zilizopita. Nilisikia hali si nzuri, nikapanda gari hadi Nyamongo, nikalala kwa dada, na asubuhi nikachukua bodaboda. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, ardhi laini, anga safi. Nilishuka mbali kidogo na lango ili nisimuudhi kwa magurudumu. Nikawa natembea kando, kwa mazoea ya utotoni, na hapo nikaona nyayo. Zilikuwa mpya. Mtu alikuwa amekuja hadi langoni, akasimama kwa muda, maana palikuwa pamekandamizwa, kisha akageuka akarudi alikotoka.

Katekista alikuwa ameketi barazani na kikombe cha uji. Macho yalikuwa yameingia ukungu, alikuwa anaona mwanga tu.

"Shikamoo, Katekista."

"Marahaba, Bhoke. Umekuja na lile lipikipiki?"

"Nimeliacha mbali. Mmepata mgeni asubuhi?"

"Hatujapata mtu."

"Kuna nyayo zimefika langoni, zikarudi."

Kikombe kikasimama njiani. "Viatu gani?"

"Raba. Za mwanamume." Ndipo nikaelewa nilichokuwa nimekiona pale njiani. "Katekista, wa kushoto unatazama nje."

Akaweka kikombe chini, hakukipata vizuri, uji ukamwagika. Akanyanyuka. Mama Marwa akachungulia kutoka jikoni, "Unakwenda wapi na macho hayo?" Akamjibu, "Kufuata nyayo." Mama akatutazama mmoja mmoja. Akaingia ndani, akatoka na fimbo na kofia, akamvalisha mwenyewe.

Tukatoka. Mkono wake ulikuwa begani mwangu, mwepesi, na nilikuwa namsomea: zinakwenda sawa, hapa amesimama, hapa ameruka dimbwi. Alitembea kando ya nyayo kama siku zote, na kila nilipokosea akanivuta. Kwa mbali barabarani bodaboda zilikuwa zinalia, nami nikawa na hofu kwamba nyayo zitaishia kwenye lami na hatutapata kitu.

Katikati ya njia akasema, kama mtu anayeendeleza mazungumzo ya zamani, "Maisha yangu yote nimefuata nyayo, na sijawahi kujiuliza kwa nini zinafuatwa."

"Ili mwizi apatikane," nikasema.

"Hapana. Angalia nani anapiga yowe. Mwenye ng'ombe. Yeye hana haja na mwizi, anamtaka ng'ombe wake." Akavuta pumzi, alikuwa anachoka. "Niliwafundisha Mungu anatutembeza kwenye nyayo zetu. Ni kweli. Lakini niliwafundisha kama vile yeye ndiye baraza. Sikuwaambia yeye ndiye mwenye mali. Waambie watoto, Bhoke. Mimi sitawahi."

Nyayo zilitufikisha kwenye kalavati karibu na barabara kuu. Juu ya ukuta wake aliketi mwanamume mwenye mvi, begi dogo mapajani, ametupa mgongo, anangoja usafiri. Nikasimama. Mkono begani mwangu ukakaza.

"Zimeishia hapa?" akauliza. Katika maisha yangu ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiliuliza neno hilo.

"Zimeishia hapa, Katekista."

Akavua kofia. Mwanamume akageuka. Alituona, akaona macho ya baba yake yalivyo, na begi likaanguka kutoka mapajani aliposimama. Hapakuwa na panga, wala umati. Kulikuwa na mzee anayehema, mimi, na maji yanayopita chini ya kalavati. Katekista hakuuliza kitu. Alingoja. Alikuwa na uso ule ule aliokuwa nao alipotuambia kwamba Yeye hana haraka, lakini sasa nikaona kwamba uso ule haukuwa wa kutisha, haukuwa hata siku ile.

"Ni zangu, tata," Marwa akasema. "Zile za maksai. Na hizi." Kisha akalia kwa sauti, mtu mzima wa mvi, na baba yake akasogea kwa kupapasa mpaka akampata.

Sikusogea. Nisingeweza. Nilihisi kwamba nimeonyeshwa kitu ambacho watu huonyeshwa wakishakufa.

Wakati wa kurudi Marwa alitaka kumshika mkono, mzee akakataa. Akasema njia hii anaijua. Akashika katikati, fimbo mbele, akaweka mguu juu ya unyayo wa raba, kisha juu ya uliofuata, akiukandamiza kwa kisigino mpaka ufutike kabla ya kuendelea. Nilidhani ni macho.

"Katekista," nikamwita kwa sauti ndogo, "unazikanyaga."

"Najua," akasema, akaendelea hivyo hivyo hadi nyumbani.